Chupa ya Kwenda Kibingo

Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1979. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba ya Bweranyange kama hautaki kuondoka. Ndivyo nilivyoandika siku nilipoanza kazi katika duka la ushirika. Mimi ni mtu wa darasa la saba, kwa hiyo ninyi vijana mnisamehe nikikosea mpangilio.

Meneja wa kwanza aliniweka kwenye rafu ya pombe kali. Alinifundisha kuishika chupa shingoni na kuipindua taratibu mbele ya mwanga, nione kama kuna machicha, yaani uchafu unaozama chini. Kisha nitazame lakiri, ule utepe wa kwenye kizibo, kama haujabanduliwa na kubandikwa upya. Wajanja walikuwa wanajaza gongo katika chupa za kiwandani.

"Usimuulize mteja ana shilingi ngapi," aliniambia. "Utamwaibisha. Muulize anampelekea nani."

Nadhani hilo ndilo somo kubwa nililopata. Wengi hawakununua ili wanywe wao. Walinunua zawadi, nao walikuwa wakulima na vibarua. Mzee anayekunywa kidogo kidogo baada ya chakula alifaa kupewa kibapa, ile chupa ndogo ya ubavu, yenye kinywaji laini kisichochoma koo. Mzinga mkubwa wa bei hiyohiyo ulipendeza macho, lakini ndani ulikuwa moto mtupu.

Baadaye nilihamishiwa tawi la Kamuli, chini ya Mama Meneja, mwanamke mkali ila wa haki. Huko ndiko alikokuja Yeremia.

Yeremia alikuwa kibarua, wazazi wake walitoka Burundi. Binti yake, Neema, alifariki kwa homa usiku ambao yeye alikuwa kilabuni, amelewa. Mkewe Adela alirudi kwa baba yake Kibingo. Yeremia akaokoka, akaapa juu ya kaburi la mtoto kwamba pombe haitagusa tena mdomo wake. Sasa alitaka kumrudisha mke, na kwetu mtu haendi kwa mkwe kuomba radhi mikono mitupu. Wenye migomba hupeleka lubisi, pombe yetu ya ndizi. Yeye hakuwa na mgomba hata mmoja.

"Mlokole anunua pombe!" Mama Meneja akacheka. "Mchungaji anajua?"

"Ni ya mkwe, mama."

"Haya. Na mkwe akikwambia uonje?"

Yeremia akanitazama. "Kaka huyu atanisindikiza. Ataonja yeye."

Hiyo ndiyo desturi: aletaye kinywaji hukionja kwanza, mpokeaji ajue hakina sumu. Nilikubali kwenda. Nilimchagulia kibapa, nikakikagua mara mbili.

Huko Kibingo mzee, baba yake Adela, alitupokea vizuri, lazima niseme hivyo. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatupa viti. Aliisifu chupa, akaifungua, akamimina kidogo katika glasi, akampa Yeremia.

"Onja, mkwe."

Nikanyoosha mkono. "Tata, baba yangu, nitamwonjea mimi."

"Wewe ndiye muuzaji," akasema mzee. "Aonje anayemtaka mwanangu."

"Baba, nimeokoka," Yeremia akasema. "Niliapa."

"Sina ugomvi na Mungu wako. Lakini ndugu yangu alipewa pombe na mtu aliyesema hivyohivyo, kwamba hanywi. Tulimzika kesho yake. Onja, umchukue mkeo."

Adela alikuwa amesimama kwenye mlango wa ndani, khanga mdomoni. Alitazama glasi tu. Yeremia aliinua glasi mpaka karibu na kidevu. Matone yakamwagikia suruali. Halafu akaiweka chini, polepole, kama anamlaza mtoto.

"Basi," mzee akasema. Akaziba chupa, akamrudishia. "Mwanangu haondoki."

Nilipokuwa nafungua baiskeli tuliyokuja nayo, Adela alipita nyuma yangu na mtungi wa maji. "Kaka, mwambie nilimwona akiiweka glasi chini," akasema, akaenda zake. Hakuweza kulivuka neno la baba yake, na baba hakulibadilisha mpaka Adela alipougua na kufa hukohuko Kibingo.

Nilistaafu miaka ya tisini, duka lilipofungwa. Watu huniuliza bado zawadi ipi inafaa, nami nawajibu nijuavyo. Ila nikikaa peke yangu nampima yule mzee, nampima Yeremia, na sioni wa kumlaumu. Mmoja alikuwa amezika ndugu, mwingine amezika mtoto. Labda mwenye elimu kunizidi angeona njia. Mimi sikuiona siku ile, na sijaiona hata leo.

Siku ile, tukirudi kutoka Kibingo, Yeremia hakutaka maneno, nami sikumlazimisha. Nilimfikisha kwangu kwanza. Jioni hiyo mke wangu alikuwa amepika ebitoke, ndizi zetu za kupika, na maharage, na nyanya chungu kidogo pembeni. Yeremia alikula tonge moja. Ndipo nikampa ule ujumbe. Akaomba niurudie. Nikaurudia. Akanawa mikono, akauliza kwa sauti ndogo, "Alisema nilimwona, ya kuaga, au nimemwona, ya kuningoja?" Nikamwambia yote ni mamoja, kula. Watoto wakamaliza chakula chake.