Fundi wa Mlangoni

Daktari alisema miezi minne. Nikamwambia wiki sita. Akadhani natania, akacheka, akaandika minne kwenye karatasi. Karatasi ile bado ninayo, safi, haina hata mkunjo. Mimi nilirudi kazini wiki ya kumi na moja. Kibiashara huko ni kukutana katikati, ingawa yeye hajui kwamba tulikutana.

Mguu wenyewe ni wa kulia, chini ya goti. Nilikuwa kando ya barabara Nyamirambo, hapa Kigali, nikibishana na dereva wa pikipiki juu ya nauli, nimebakiza kidogo tu nimshinde, pikipiki ya pili ikaja ikanigonga bure. Sasa ndani kuna chuma na skrubu. Daktari anasema skrubu saba. Kwenye picha nimehesabu sita, mara mbili. Hapo hatujaelewana.

Chumba chetu cha ushonaji kina cherehani tano, zimepangwa kwa safu kutoka mlangoni hadi ukuta wa nyuma. Ya kwanza, nusu ndani nusu barazani, ilikuwa yangu kwa miaka tisa. Asiyeshona hawezi kujua maana yake. Mteja anayepita na kitambaa kwapani haulizi nani ana mkono mzuri, anamkabidhi wa kwanza anayemwona. Wateja wangu wengi hawajawahi kujua jina langu. Wanamtaka fundi wa mlangoni, basi. Wa nyuma wanakula kinachobaki mbele.

Kutoka kituo cha basi hadi kazini ni hatua mia mbili na kumi. Siku niliyorudi, kwa magongo, zilikuwa mia tatu na nne, na sikuweza kuhakikisha kwa sababu ingebidi nirudi mwanzo. Nilipofika nikakuta cherehani mlangoni, lakini si yangu. Yangu ilikuwa mwisho kabisa, chini ya rafu, imefunikwa gunia la mchele. Mlangoni alikaa jirani yangu, yule wa cherehani ya pili.

"Karibu, mgonjwa," akasema, mguu bado uko kwenye pedali.

"Mgonjwa yuko hospitali. Hapa amekuja fundi."

"Fundi wa miguu minne? Pita, sha, lakini pole pole, usiangushe vitambaa vya watu."

Wale wengine watatu wakacheka bila kuinua macho. Nikapita. Nikatoa gunia, nikakaa, nikaanza kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Miaka yote mguu huo ulikuwa abiria tu. Huko nyuma mwanga ni balbu moja, na uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi unautafuta kwa vidole.

Saa nne akaja mwalimu mmoja ambaye nimemshonea tangu hajaolewa. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Fundi wa mlango iko wapi?"

"Ni mimi, mama," akajibu jirani.

"Hapana, ile ingine. Ile ya kipara."

"Ile inapumzika. Lete tu, vipimo vyako viko kwenye daftari."

Daftari langu. Nikaita, "Mama! Niko huku!" Akachungulia gizani, akaona magongo, akashika kifua. "Pole sana, fundi! Pole, pole! Wewe upone kwanza." Pole tatu, na kitenge akamwachia yeye.

Mchana jirani akaja hadi mezani kwangu, akainua suruali niliyokuwa nashona, akaipeleka kwenye mwanga.

"Njooni muone! Huu mshono unapanda Mlima Kigali. Kona ya kwanza hii hapa, ya pili hii. Abiria wote wametapika!"

Alisema kweli. Mshono ulikuwa na kona. Zilikuwa tatu, lakini sikumwambia.

Ningemchukia kwa raha kama angekuwa mtu mwingine. Hapa kwetu hospitali inaunga mfupa, mengine unakuja nayo mwenyewe. Lazima uwe na mrwaza, mtu wa kukaa nawe wodini: akulishe, akuoshe, afue shuka zako, alale kwenye mkeka chini ya kitanda. Mimi mke sina, na dada yangu yuko Rusizi na watoto wanne wadogo. Aliyelala kwenye ule mkeka siku ishirini na tatu ni huyu jirani. Siku hizo zote cherehani yake ilikaa kimya, na wateja wake wakatafuta mafundi wengine. Siku moja, maumivu yamenishika, nilimwambia akitoka akae mahali pangu mpaka nirudi. Naye akakaa. Alichosikia katika maneno yale ni "akae". Mimi nilikuwa nimesema na "mpaka".

Siku ya tatu nikasimama mbele ya cherehani yake.

"Nataka mahali pangu."

"Pameandikwa jina?"

"Nilisema ukae mpaka nirudi."

"Hujarudi. Nusu yako bado iko wodini." Akakata uzi kwa meno. "Nilikuosha mara ngapi wewe?"

Sasa hakuwa anatania tena. Pedali zote zikanyamaza. Mwenye chumba, mama mmoja aliyekulia Bujumbura, alikuwa amekuja kunywa chai yake pale barazani, naye akashusha kikombe.

Jirani alidhani sijui. "Arobaini na sita," nikasema. "Siku ishirini na tatu, asubuhi na jioni."

"Arobaini na saba."

"Arobaini na sita. Nimehesabu mara mbili."

"Ulihesabu ukiwa macho. Ile siku ulipoingia ulikuwa hujitambui. Suruali nilikukatia kwa mkasi huu hapa, damu na mchanga nilikutoa mimi kabla hata daktari hajafika. Hiyo umeiandika wapi?"

Sikuwa nimeiandika popote. Maisha yangu yote hakuna aliyewahi kunipata kwenye hesabu, na huyu alinipata kwa kitu kilichofanyika kwenye mwili wangu mwenyewe. Nilimchukia kwa ile moja kuliko zile arobaini na sita zote pamoja. Lakini hesabu ilikuwa yake, na kila mtu mle ndani aliisikia.

"Haya," nikasema. "Kila kuosha siku moja. Ukae mlangoni siku arobaini na saba, halafu unatoka."

"Mia."

"Sina mwili wa kuoshwa mara mia."

"Na kulala sakafuni je?"

"Ulilala, na ukakoroma. Kamuulize mgonjwa wa kitanda cha pili."

Mama mwenye chumba akacheka, chai ikamwagika. "Arobaini na saba," akasema. "Na mimi ndiye shahidi. Nani kati yenu atanisumbua tena?"

Tulimsumbua siku hiyo hiyo. Jirani alitaka Ijumaa ihesabiwe nusu, kwa sababu ya msikiti. Mimi nikataka Jumamosi ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kila mwezi, ihesabiwe nzima, kwa sababu hata tukifagia mitaro asubuhi, mchana tunafungua. Mama akaamua: Ijumaa nzima, umuganda nusu, na nusu mbili ni siku moja. Nikachora mistari arobaini na saba kwa chaki ukutani, nyuma ya kioo cha wateja. Kila jioni tukifunga anafuta mmoja, nami nasimama pale nikimwangalia akifuta.

Haikuwa amani. Wateja walioniulizia aliwaambia bado niko kwenye dawa. Mimi nililichukua daftari langu la vipimo nikaanza kulikalia, kabisa, kama mto, na akilitaka ananiomba mbele ya watu. Aliomba mara sita. Nilimpa mara mbili.

Halafu siku moja mvua ilinyesha na sakafu ya mlangoni ikalowa. Gongo la kushoto likateleza. Sikufika chini, kiwiko tu kiligusa kizingiti. Mikono ya jirani ilikuwa tayari chini ya kwapa zangu, ikinibeba kama ilivyonibeba wodini, akaniweka kwenye benchi, akanyoosha mguu huku kiganja kiko chini ya kisigino, vile muuguzi alivyomfundisha. Safari hii hakuna aliyecheka. Akachukua kitambaa, akanifuta tope kwenye kiwiko. Kisha akaenda nyuma ya kioo, akachukua chaki, akaongeza mstari.

"Huo wa nini?"

"Arobaini na nane."

"Hukuniosha!"

"Ulikuwa na tope."

"Kwenye kiwiko!"

"Kiwiko si cha kwako?"

Niliufuta ule mstari. Akauchora upya. Mama mwenye chumba alisema hakuwepo, kwa hiyo hakuona kitu.

Sasa natembea kwa gongo moja, na mguu wa kulia umeanza kugusa pedali, dakika kumi asubuhi, kumi mchana. Mshono umenyooka. Cherehani yangu naitia mafuta kila jioni ili siku ikifika isilie njiani kwenda mlangoni. Mimi na jirani hatusalimiani. Kila asubuhi, nikipita ubavuni kwake kwenda nyuma, anauliza bila kugeuka, "Zimebaki ngapi?" Leo nimesema kumi na moja. Yeye akasema kumi na mbili. Kisha tukashona.