Kifua Kinachoamka Nikilala

Kama ni moyo, mbona unaniacha nikisimama?

Nilitembea na swali hilo miezi minne, kutoka chumba changu cha kupanga mtaa wa Bakoba, hapo Bukoba mjini, hadi duka la pembejeo Miembeni, nilikokuwa nauza mbegu na dawa za mifugo kwa sababu shahada yangu haikuwa imeniletea kazi nyingine. Mchana nilikuwa mzima kabisa, nabeba mifuko ya mbolea bila kuhema. Lakini nikilala chali, haipiti nusu saa kitu kinanikaa katikati ya kifua, kizito na cha moto, kama mtu ametua hapo sufuria ya uji. Nikiketi kinapungua. Nikilala tena kinarudi.

Baba yangu alilala mzima nikiwa kidato cha pili, na asubuhi hakuamka. Hakuna aliyempima. Watu walisema ni moyo, basi ikawa moyo. Mimi ninayebishana na kila mtu, kuanzia padri hadi mtabiri wa hali ya hewa, hilo moja sikuwahi kulibishia. Nikaanza kulala nimeketi, mgongo ukutani, vidole viwili shingoni nikihesabu mapigo. Niliandika namba ya siri ya simu yangu kwenye karatasi nikaiweka chini ya mto, ili watakaonikuta wasihangaike.

Hospitali walinipima umeme wa moyo. Daktari, kijana aliyetoka mikoa ya kusini, alisema moyo wangu hauna tatizo. Nikamuuliza kipimo cha dakika chache asubuhi kinajuaje yanayonipata nikiwa kitandani kwangu. Hakukasirika. Alisema anashuku asidi ya tumbo inapanda kooni, na mtu akilala inapata njia rahisi zaidi. Akauliza kuhusu pilipili, pombe, soda.

"Kahawa unakunywa?"

"Hapana. Sijawahi kuipenda."

Akaandika hivyo. Akanipa vidonge, akaniambia niinue kitanda upande wa kichwa na nisilale mara tu baada ya kula. Niliweka matofali mawili chini ya miguu ya kitanda. Kwa wiki mbili nilipata nafuu, kisha kikarudi. Kurudi kwake kuliniogopesha kuliko mwanzo, maana sasa niliona nina ushahidi kwamba si tumbo.

Kila baada ya wiki mbili nilikuwa nakwenda Nshamba kwa bibi, mama yake baba. Pale kwake hujakaribishwa kama hujaletewa akamwani, zile punje za kahawa zilizochemshwa na majani ya porini zikakaushwa, za kutafuna. Bibi huchukua ya kwanza mwenyewe, anaitia mdomoni mbele yako ujue haina ubaya, ndipo anakusogezea kikapu. Nikiondoka ananifungia nyingine kwenye jani kavu la mgomba. Nikiwa Bukoba nilizitafuna baada ya chakula cha jioni, nikisoma kitandani, kama wengine wanavyokula karanga.

Niliporudi hospitali nilikuwa na punje mdomoni, maana foleni ilikuwa ndefu na nilikuwa na hofu. Muuguzi, mama wa makamo, alinifunga mkanda wa presha akanitazama shavu.

"Mdomoni una nini, mwanangu?"

"Akamwani."

Akafungua faili langu, akasoma taratibu. "Mbona hapa imeandikwa hunywi kahawa?"

"Sinywi."

"Waitu, wasomi wetu hawa," aliwaambia waliokaa kwenye benchi. "Hanywi. Anaitafuna na maganda yake."

Benchi zima lilicheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimehoji mashine, daktari na vidonge vyake, lakini sikuwahi kuihoji ile punje. Kwetu kahawa ni ile inayopimwa kwenye mzani, ikauzwa, ikaenda zake. Hii nyingine ni salamu, na nani anamtajia daktari salamu?

Daktari aliniambia niache, tuone. Niliacha. Wiki ya tatu nililala chali hadi asubuhi, nikaamka nimekasirika kwa miezi yote niliyopoteza nikijihesabia mapigo.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Nilikaa zaidi ya mwezi bila kwenda Nshamba, nikisingizia kazi, kwa sababu kukataa akamwani ya mtu ni kama kumwambia unamshuku. Nilipokwenda, bibi alitia punje yake mdomoni akanisogezea kikapu. Nikamwambia nimekatazwa, nikamweleza kuhusu kifua. Alikiangalia kile kikapu kwa muda mrefu hadi nikatamani nichukue tu.

"Shika moja mkononi, mwijukuru," alisema. "Ukifika nje uitupe. Mimi nisione."

Niliishika mpaka ikalowa jasho. Nilidhani ananihurumia tu.

Bibi alifariki miaka mitatu baadaye. Baba alikufa kwa nini, mpaka leo sijui. Lakini siku tulipokuwa tukigawana nguo za bibi, shangazi aliyekuwa akiishi naye na kumfulia aliniambia kwamba kila walipoondoka wageni, alikuta punje moja nzima imefungwa kwenye pindo la khanga yake. Tangu kabla sijazaliwa bibi hakuwa akitafuna kahawa. Ilikuwa ikimchoma kifua akilala.