Masale Ndani ya Kompyuta

Fundi kompyuta aliyefariki Jumanne nyumbani kwake Kaloleni aliwahi kumsaka mharibifu wa mashine kwa wiki tatu, akagundua kwamba ni yeye mwenyewe. Siku hiyohiyo aliyogundua, alikwenda kukiri kwa mwenye mashine. Wengi walimjua kama muuzaji wa kompyuta kuukuu za kutoka Dubai. Habari hii niliishuhudia mimi.

Ilikuwa miaka ile biashara zilipofunguliwa milango. Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa kimebinafsishwa, naye akapunguzwa, akajifunza kompyuta kwa kuzifungua. Zahanati binafsi ya Tengeru ilinunua moja kwake, pamoja na printa isiyo na programu ya kuiongoza. Programu akaiandika yeye. Baada ya miezi michache mashine ikaanza kuzima ghafla na kadi za wagonjwa kupotea. Nilikuwa pale kuandika habari za zahanati binafsi nilipomsikia daktari mwenye zahanati akimwambia: "Fundi, huyu binti karani ndiye anayeiua. Akikaa yeye, inakufa. Mwisho wa mwezi namrudisha kwao."

"Nani mwingine hukaa hapo?"

"Hakuna."

"Basi mkalishe mlinzi, tuone kama itapona."

Karani hakucheka. "Shikamoo fundi. Usiniulize tena nimebonyeza nini."

"Marahaba mwanangu. Safari hii naiuliza mashine."

Nilitaka kujua mashine huulizwaje. Akanieleza kwamba kiini cha mfumo wa kompyuta hugawa kumbukumbu ya mashine vipandevipande, kila kazi na kiwanja chake. Kazi moja ikiandika kupita mpaka, huharibu cha jirani, lakini mashine haianguki papo hapo. Huanguka baadaye, jirani anapotumia kilichoharibika. Ndiyo maana kila mara alikuta kosa mahali tofauti. Yeye, Mmeru, akafanya kama wafanyavyo kwao mlimani, wanapopanda masale, mimea ya kuonyesha mpaka wa shamba, ili anayelima kupita kwake aonekane. Mfumo wenyewe ulikuwa wa aina ambayo mtu anaruhusiwa kuusoma na kuubadili. Mwisho wa kila kiwanja akaweka herufi chache zisizo na kazi yoyote. Kazi ikiisha na kiwanja kikirudishwa, mfumo ukague kama zipo vilevile. Zikiwa zimebadilika, useme kilikuwa cha nani.

Wiki ya tatu sale liling'oka, na kiwanja kilikuwa cha programu ya printa. Fundi alikuwa ametenga nafasi ya herufi themanini kwa mstari wa jina, akasahau alama inayoufunga mstari. Majina mafupi hayakudhuru. Lakini karani alikuwa makini: aliandika jina la mgonjwa, la baba, la babu, ukoo na kijiji, na mstari ulipojaa kabisa, ile alama iliangukia kwa jirani.

"Daktari, anayeiua ni mimi," alisema. "Huyu binti anaandika vizuri kuliko nilivyotarajia." Daktari akamwambia karani aendelee na kazi.

Tumezoea kumkamata aliyekutwa karibu na uharibifu, hasa akiwa mdogo wa cheo. Tangu siku ile, mtu akifukuzwa kazi, mimi huuliza kwanza mpaka ulivukwa wapi, na nani aliuchora. Fundi alirekebisha kosa lake, lakini Jumapili moja baadaye, printa ikiwa imezimwa na karani yuko kanisani, sale jingine liling'oka. Alitafuta chanzo chake kwa miaka. Aliyeling'oa hajajulikana hadi leo.