Siku Niliyoingia Topeni Kumwokoa Mchungaji

Mwaka huu wa kula michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, asubuhi na jioni, wali tukiusikia harufu kwa jirani, mjukuu wangu Masanja aliingia mafunzo ya uchungaji wa jeshi. Kisesa nzima nimeitangazia. Mimi nilijua huko atashika Biblia tu.

Siku ya ndugu kutembelea kambi nikakuta kundi linatambaa kwenye tope la ziwani, afande analifokea. Mmoja alikuwa na mabega ya ukoo wetu kabisa. Nikavua kandambili, nikaingia, nikamkamata mkono.

"Bibi, mwachie! Ukimsaidia atarudia zoezi lote!" afande akapiga kelele.

"Simwachii! Huyu ni mtu wa Mungu."

Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua. "Shikamoo bibi. Mimi niko huku."

Masanja huyo, kwenye foleni, anasubiri zamu yake, safi kama sahani! Nikamfuta uso yule niliyemshika.

"Na wewe ni nani?"

"Mimi ni sheikh, bibi. Tunasomea kazi moja na Masanja."

Kambi ikaangua kicheko. Afande akaniamuru tena nimwachie. Nikamkaza mkono zaidi.

"Simwachii! Huyu ni mtu wa Mungu."