Karata za Aliyetoka Mkekani

Karata zetu tulizikata kwenye maboksi ya sabuni, kwa mkasi wa kuazima. Tulikuwa vijana wanne pale Mbekenyera, mwishoni mwa miaka ya tisini, korosho zimekwisha na ufuta bado. Kila mmoja alichora karata zake hamsini: wanyama, wadudu, mvua, moto. Kurudia picha marufuku. Moja ndiyo mkuu wako, inakaa mbele ya wote. Kabla ya mchezo nilihesabu za kila mtu, halafu nikarudia. Wenzangu niliwaamini, hesabu zao ndizo ambazo sikuziamini.

Kubadilishana kuliruhusiwa, na huko ndiko nilikong'ara. Rafiki yangu Mmakua, ambaye wazazi wake walihamia kutoka Msumbiji, nilimshawishi anipe tembo wake mkuu kwa kinyonga wangu na maneno mengi. Naye akaja na sheria: ukishindwa ukatolewa mkekani, kila karata uliyoichora inarudi kwako, popote ilipo.

"Hata tuliyobadilishana?"

"Hata hiyo. Mchezo ukianza upya, utaichukua."

Nilibisha jioni nzima. Wale wawili wakampigia kura.

Rafiki yangu huyo alikufa kwa homa ya wiki moja. Msibani, mtani wa ukoo wao, Mmwera wa Nambilanje, alivaa shati la marehemu, akaigiza mwendo wake, kisha akabeba karata zake. Ndiyo desturi: mtani akichukua kitu, wafiwa wakikomboe, la sivyo kinaondoka naye. Mama mtu alitaka hizo tu.

"Mwanangu hakupiga picha hata moja," alisema. "Alichoacha ni mkono wake humo."

Wakanituma mimi kupatana.

"Lete jogoo," mtani akasema.

"Jogoo kwa maboksi ya sabuni? Hata mchwa hawali hayo."

"Ndiyo maana rafiki yako alikufa maskini, alifanya biashara na wewe!"

Watu wakacheka, na mama akacheka kidogo. Kisha mtani akashusha sauti. "Haya, jogoo nimesamehe. Ila mama apewe zilizotimia. Zikipungua, naondoka nazo."

Nikahesabu: hamsini. Nikarudia: hamsini. Mama akazichukua, akawa anazipapasa moja moja, mpaka akakwama kwenye moja.

"Kinyonga huyu si wa mwanangu."

Mtani akanyoosha mkono azirudishe kwake. Wenzangu wawili walinitazama. Mmoja akasema polepole, "Ametoka mkekani, ndugu yangu."

Tembo alikuwa mfukoni mwa shati langu. Sikubisha. Nilimweka juu ya zile nyingine, na mtani akavua shati la marehemu, akazifunga humo zote, akamkabidhi mama.

Mama alikuwa bado ameshika kinyonga. Akaninyooshea. "Huyu ni wako, mwanangu?"

"Wangu, mama," nikamwambia. "Lakini akae humo humo. Mimi bado sijatolewa."