Mabamba Tisa ya Kona ya Pili

Kiwandani walimwita Sikio. Masikio yake yalikuwa ya kawaida tu. Jina lilitokana na mazoea yake ya kuegemeza bisibisi kwenye mtambo, mpini sikioni, kisha kutoa hukumu isiyokatiwa rufaa. Kwa miaka kumi na minane alitunza feni kubwa na njia yake ya hewa, handaki la bati ambalo mtu aliweza kutambaa ndani yake, lililopeleka hewa moto kwenye vikaushio vya vitambaa. Ndani ya kona ya pili yalipangwa mabamba tisa ya chuma, mithili ya rafu za kabati, ili hewa ipinde bila fujo.

Feni ikifika kasi fulani, kona ile huimba. Sauti moja nene, isiyo na beti wala kiitikio. Geji ya kupimia kasi ilipokufa, Sikio ndiye aliyewafundisha wenzake: "Handaki likiimba, limekolea. Liacheni hapohapo." Wakaliacha hapohapo.

Kijitabu cha feni kilikuwa na la kusema kuhusu jambo hilo, ukurasa wa arobaini. Sikio alikisoma hadi wa thelathini na nane, akaona kimemkaa. Sehemu iliyobaki aliisoma Jumapili moja kwa kukosa la kufanya. Kumbe hewa ikipita kwenye bamba huacha nyuma vimbunga vidogo, kimoja juu, kimoja chini. Mwendo wa vimbunga hivyo ukilingana na sauti ya handaki lenyewe, sauti huvishika vyote na kuvichezesha kwata. Ukiongeza kasi kidogo, sauti haipandi; hunenepa tu. Na mabamba hutikiswa mpaka yachoke na kukatika.

Jumanne iliyofuata, saa nne asubuhi, aliongeza kasi kidogo ili ajionee. Sauti haikupanda. Ilinenepa mpaka akaihisi kwenye magego.

Chini ya kona palikuwa na meza ya kukunjia vitambaa, na mezani alikuwapo mkewe.

"Mama watoto, toka hapo."

"Niende wapi? Vitambaa vijikunje vyenyewe?"

"Toka, nakwambia!"

"Jamani, mume wangu kalishwa nini leo? Anaogopa wimbo wake mwenyewe!" Wakunjaji wenzake wakaangua kicheko.

Akizima, ataulizwa nani aliwafundisha. Alisimama mbele ya swichi akiliwaza hilo kwa muda ambao baadaye hakumsimulia mtu. Kisha akazima.

Meneja akaja mbio. "Nani kazima? Si lilikuwa limekolea?"

"Lilikuwa linakatika, bosi. Niliwafundisha vibaya. Mimi."

Meneja akatazama juu, kwenye kona.

Sikio akatambaa ndani na tochi. Bamba la tano na la sita yalikuwa na nyufa kwenye maungio. La nne lilishikwa na kipande kisichozidi ukucha; alipoligusa, likabaki mkononi mwake. Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka. Akalipakata.

"Baba, umekuta nini huko?" Sauti ya mkewe ilitoka chini.

"Usisimame hapo!"

"Sijasimama hapo. Niko mlangoni, na wenzangu nimewatoa. Nilicheka ili wasinione ninavyotetemeka." "Haya, shuka basi."

"Nakuja," alisema Sikio. Akaanza kutambaa kurudi nyuma, bamba la nne kifuani.