Bwana Nakala na Viuno vya Kwaya

Bwana Nakala hakuzaliwa na jina hilo, lakini alilihangaikia mpaka akalipata. Suruali yake ilikuwa na lastiki, na juu ya lastiki alifunga mkanda. Kila mlango wake ulikuwa na ufunguo wa akiba, na ule wa akiba nao ulikuwa na mwenzake. Alikuwa na miavuli miwili, mmoja wa mvua na mwingine wa siku ule wa kwanza utakapoibwa. Watani walipomwuliza kama ana mke wa akiba pia, mkewe, ambaye alikuwa amesimama hapo hapo, aliwajibu kwa niaba yake, "Hata huyu mmoja bado hajamwelewa."

Alifanya kazi kwenye karakana ya ushonaji ya dada yake mkubwa. Mtaa mzima ulimwita Dada Mkasi kwa sababu ya kazi yake, na zaidi kwa sababu ya ulimi wake. Chini kulikuwa na cherehani, meza ya kukatia, pasi ya mvuke na vipande vya nguo vilivyomnata kila mtu miguuni. Juu, kwenye kijichumba kilichokuwa stoo ya vitambaa, alikaa Bwana Nakala na kompyuta yake na feni inayogeuka upande mmoja tu. Humo ndimo vilimohifadhiwa vipimo vya wateja wote: mabega, vifua, viuno, nyonga.

Alipenda kuwaeleza mafundi maana ya hifadhidata, hata wasipouliza. "Ni majedwali yenye undugu," alisema. "Hili la wateja, hili la vipimo, hili la oda. Kila kipimo kimeandikwa namba ya mwenyewe. Namba ikipotea, kipimo kinabaki yatima. Unakuwa na kiuno kinaelea tu, hakijulikani ni cha nani."

"Kiuno cha nani mimi huwa najua kwa macho," alisema fundi mkataji, na somo likaishia hapo.

Faida ya mambo yote hayo ilikuwa moja. Mteja anapiga simu, anasema nishonee kama la siku ile, na gauni linamkaa bila yeye kukanyaga karakana. Kwa hiyo Dada Mkasi aliweka sheria: kila mwaka ukianza, wateja wote wanapimwa upya. "Mtu atakwambia hajabadilika," alisema, "na atakwambia hivyo huku amebana pumzi."

Kila jioni, kabla cherehani hazijafunikwa, Bwana Nakala alifungua lile dirisha jeusi lisilo na picha wala vitufe, ambamo unaandika amri kwa vidole vyako na kompyuta inatii au inafoka. Hakuna aliyeruhusiwa kusema naye wakati huo. Aliandika neno moja tu, hifadhi, na ndani ya neno hilo alikuwa amefungasha amri ndefu aliyoitunga mwenyewe: ingia kwenye hifadhidata kwa jina hili na nywila hii, yaani neno la siri, toa kila kilichomo, kimwage kwenye faili lililoko kwenye flashi. Flashi aliivaa shingoni kwa kamba, akaoga nayo, akalala nayo.

Zamani amri ile ilikuwa ikimjibu kila jioni kwa onyo lile lile, kwamba kuandika nywila waziwazi ndani ya amri si salama. Jambo hilo lilimkera sana. Mtu mzima mwenye miwani, anaonywa na mashine aliyoinunua dada yake. Akaongeza kipande kidogo mwishoni mwa amri, kipande kinachotupa shimoni kila lalamiko kabla halijafika kwenye skrini. Tangu hapo dirisha jeusi likawa na adabu. Alibonyeza, likanyamaza, naye akashuka ngazi akitangaza, "Imelala salama."

Halafu siku moja, kwa tahadhari zake hizo hizo, akabadilisha nywila. Akaibadilisha kwenye hifadhidata, akaibadilisha kwenye programu wanayotumia mafundi, akajipongeza kwa soda. Kwenye amri yake ya jioni akasahau.

Basi kila jioni amri ilibisha hodi na nywila ya zamani, ikafukuzwa mlangoni, ikalalamika, na lalamiko likaenda shimoni kama mwenyewe alivyoagiza. Kwenye flashi likaandikwa faili tupu juu ya lile la jana, kwa jina lile lile. Naye akashuka ngazi na kutangaza kwamba imelala salama. Hakuwahi kulifungua faili hilo kuangalia kilichomo. Mtu aliyekagua kufuli la mlango wake mara tatu kabla ya kulala hakuwahi hata mara moja kuangalia kama ndani ya nyumba kuna kitu.

Wiki ya oda ya kwaya, umeme ulikatika na kurudi kwa hasira, na kompyuta ya juu ikatoa harufu ya nywele zilizoungua. Fundi kompyuta alikuja, akafungua, akanusa, akafunga. "Diski imekufa," alisema. "Poleni."

Magauni ya kwaya yalitakiwa Jumapili, na mke wa Bwana Nakala ndiye aliyekuwa amepangiwa kuimba peke yake. Miaka yote alisimama mstari wa nyuma akiitikia wenzake, na sasa mwalimu wa kwaya alikuwa amemtoa mbele. Nyumbani aliimba akiosha vyombo, akianika nguo, hata akimgombeza mume wake alimgombeza kwa sauti ya wimbo.

Bwana Nakala alivua ile kamba shingoni polepole, kila mtu akiangalia. Hii ndiyo siku aliyoingojea maisha yake yote, na tusimdanganye msomaji, alikuwa na furaha. Fundi kompyuta akaweka diski mpya, wakamwacha peke yake juu. Akaandika amri ya kurudisha data. Ikamaliza kabla hajaondoa kidole.

Akaangalia ukubwa wa faili, kwa mara ya kwanza tangu alipolianzisha. Sifuri.

"Vipi huko?" Dada Mkasi aliuliza kutoka chini.

"Inataka muda kidogo," alisema.

Alikimbilia nyumbani akiwaambia mafundi anakwenda kunywa dawa. Kwenye kopo la vifungo la mkewe alikuwa ameficha flashi nyingine, akiba ya akiba, na humo mlikuwa na nakala ya mwaka juzi iliyofanywa kabla nywila haijabadilishwa. Akarudi nayo karakana, akairudisha kwenye kompyuta. Majina yakajaa kwenye skrini, mabega, vifua, viuno, kila kipimo na mwenyewe. Alikaa akishika kichwa kwa mikono miwili mpaka feni ikamkausha jasho.

Waimbaji watatu hawakuonekana, kwa kuwa walijiunga baadaye. Alimwambia dada yake kwamba hao hawakuwahi kuingizwa, wakaitwa wakapimwa. Kuhusu wengine alisema kila kitu kiko sawa. Mafundi wakampigia makofi. Fundi mkataji akamwita mheshimiwa. Angeweza kusema hapo hapo, namba hizi ni za mwaka juzi, tuwapime wote upya. Ila makofi ni matamu, na mtu akishavikwa sifa hawezi kuivua haraka kama anavyovua flashi.

Siku ya kujaribisha magauni, kina mama waliingia wakicheka na nguvu ya kucheka ikaisha kwenye zipu. Wa kwanza alisema zipu ni mbovu. Wa pili alisema kitambaa kimenywea baada ya kupigwa pasi. Mwalimu wa kwaya alilazimisha lake likafunga, kisha hakuweza kukaa, akabaki amesimama wima akisalimia watu kwa macho. Wale watatu wageni tu ndio waliozunguka mbele ya kioo, yao yamewakaa vizuri mno, na wenzao wakawachukia bila kuficha.

Mke wa Bwana Nakala hakulaumu zipu. Alijitazama, gauni limeachana mgongoni kwa upana wa kiganja, akalivua na kulikunja vizuri. "Miezi michache tu tangu nipimwe," alimwambia mumewe njiani, kwa sauti ya chini. "Ndiyo nimekuwa hivi?"

Yeye akakohoa.

Jioni hiyo hakula. Kesho yake akanywa maji ya moto asubuhi, mchana na jioni, akamtazama mumewe akila. Muhimu zaidi, hakuimba. Vyombo vilioshwa kimya. Ijumaa asubuhi akiwa amefunga kitambaa kichwani alisema, "Nimemwambia mwalimu atafute mtu mwingine. Sitasimama mbele ya watu nimepasuka mgongoni kama mto wa kochi."

"Mama," alisema Bwana Nakala, akimwita kwa jina la upole analotumia akiwa na kosa, "hebu kula kwanza."

"Nile nini tena, na hali ndiyo hii?"

Ule ukimya wa jikoni ulimshinda. Alikuwa ameupenda ukimya muda wote, akaulipia, akautungia na amri. Sasa alitamani mtu amfokee, mashine imfokee, chochote.

Mchana wa siku hiyo kina mama walirudi karakana kubishana. Dada Mkasi alikuwa amemsimamisha fundi mkataji katikati ya chumba akimwuliza kama alikata kwa macho. Bwana Nakala alishuka ngazi na flashi mkononi, akasimama karibu na pasi.

"Namba si za mwaka huu," alisema. "Ni za mwaka juzi. Za mwaka huu zimepotea, na aliyezipoteza ni mimi. Nakala yangu ilikuwa tupu. Kila siku ilikuwa tupu. Nilikuwa nawatangazia hewa."

Kwanza ilizuka furaha, na kubwa kweli. Watu walikumbatiana. Mwalimu wa kwaya alisema, "Kwa hiyo si miezi michache, ni miaka miwili. Miaka miwili mtu ana haki." Halafu wakakumbuka njaa waliyoivumilia tangu siku ya kujaribisha ili wapungue, wakamgeukia yeye. Mmoja aliyekuwa amekunywa siki ili akonde alitaka kumnywesha na yeye. Jina la Bwana Nakala lilifia hapo hapo, likazikwa, naye akapewa jingine kabla hajafika kwenye ngazi: Bwana Sifuri. Fundi mkataji ndiye aliyelitunga, na alikuwa na haki.

Mkewe, aliyekuja pamoja na wenzake, alichukua mkate wa fundi mkataji uliokuwa juu ya meza, akaula wote akimwangalia.

Dada Mkasi aliligeuza gauni moja ndani nje, akamvuta mdogo wake sikio mpaka pua yake ikagusa mshono. Huko ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa pande zote mbili, kipana kuliko fundi yeyote anavyoacha. "Hii inaitwa akiba," alisema. "Tazama. Mimi huwa naivuta ya kila gauni kabla halijatoka, nione kama ipo. Wewe ya kwako ulishawahi kuivuta?"

Kina mama wakapimwa upya, naye akapewa kiwembe na kiti cha chini, akafumua mishono hadi vidole vikafa ganzi.

Jumapili mkewe alisimama mbele, gauni limemkaa, akaimba. Sauti ilitoka mahali ambapo hata yeye mumewe hakujua kwamba pana mlango. Bwana Sifuri alikaa benchi la nyuma akilia waziwazi, na kwa kuwa alikuwa na leso mbili, alimpa jirani moja.

Siku hizi amri yake haitupi kitu shimoni. Ikionya, anasoma, anashukuru. Na kila Ijumaa analichukua faili la wiki hiyo, analirudisha kwenye kompyuta kuukuu aliyoiweka pembeni kwa kazi hiyo tu, kisha anatafuta jina moja. Likitokea, na kipimo chake kikatokea ubavuni mwake, anapiga simu nyumbani.

"Upo," anasema.

"Nipo," anajibu mkewe, na nyuma yake vyombo vinagongana. "Na kiuno?"

"Kipo chote."